Mzee wa Baraza na Kanda Tisa za Kijapani

Pale kwetu Kilema, ukinunua koti la mtumba sokoni ulikuwa hujamaliza kulinunua. Ilibaki kupita nalo mbele ya nyumba ya Mzee wa Baraza. Ulisimama barabarani, ukamwamkia, ukageuka taratibu ili aone na mgongo, na kutoka kwenye kiti chake cha kamba sauti ikasema, "Linafaa," au, "Halifai." Kama halifai, sababu ilifuata. Dada yangu aliwahi kuambiwa koti lake halifai kwa kuwa lilikuwa na mifuko sita.

"Mtu mwaminifu anahitaji mifuko miwili," alisema Mzee. "Hiyo minne mingine ni ya nini?"

Dada akarudi nyumbani, akaishona ile minne kwa uzi mweusi.

Jina lake tulilijua wote na hakuna aliyelitumia. Kwa miaka mingi alikuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, mmoja wa wale raia wawili wanaokaa ubavuni mwa hakimu, wanasikiliza kesi, na mwisho wanatoa maoni yao: ana hatia, hana hatia. Alipostaafu, mahakama ilimpa barua ya shukrani na kile kiti cha kamba. Hakuna aliyemwambia kwamba na maoni yaliishia hapo.

Na sisi tulimhitaji. Zamani duka la ushirika lilikuwa na sabuni moja, na ikiisha, hakuna sabuni. Mtu hakuwa na haja ya kuulizia. Kisha soko huria likafunguliwa, na ndani ya miaka michache tukawa na sabuni za rangi saba, mafuta ya kupaka yanayonukia matunda ambayo hatukuyajua, betri zinazokufa siku ya pili, wahubiri wenye vipaza sauti, na suruali za kike. Watu waliozoea kupanga foleni walijikuta wanatakiwa kuchagua, na kuchagua kulitutisha. Kwa hiyo tulimpelekea Mzee wa Baraza. Alionja, alinusa, alibonyeza, kisha akatoa hukumu. Simu ya mkononi ya kwanza kufika kijijini aliishika sikioni dakika nzima bila kumpigia mtu. "Inafaa kwa kusema," aliamua. "Kwa kusikilizana, haifai."

Alikuwa na mazoea ya mahakamani ambayo hayakumtoka. Hakujibu swali kabla ya kuuliza upande wa pili unasemaje, hata kama swali lilikuwa ni mvua itanyesha lini. Alisinzia macho yakiwa wazi, ustadi alioupata kwenye kesi za mipaka ya vihamba, yale mashamba yetu ya urithi, kisha akaamka katikati ya maneno yako na kusema, "Rudia hapo kwenye mfereji." Mbege, pombe yetu ya ndizi, ikitiwa sukari aliipiga marufuku, na kila Jumapili alipita nyumba tatu kuhakikisha kwamba marufuku inatekelezwa. Alirudi akiwa amehakikisha sana. Mkewe ndiye pekee aliyemjibu. Siku moja Mzee aliamua kwamba maharage hayakuiva, mkewe akamwondolea sahani na kumwambia, "Jikoni hapa hakuna baraza."

Lakini sitaki nimcheke tu. Baba yangu alipofariki, watu wengi walikuja na maneno mengi. Mzee wa Baraza alikuja na panga, akaenda moja kwa moja kwenye migomba, akakata majani ya kumlishia ng'ombe wetu siku tatu mfululizo, bila kutoa maoni juu ya jambo lolote. Nilipopata kazi ya kufundisha Kiingereza katika sekondari ya pale pale kijijini, aliniita akanitaka niandike jina langu kwenye karatasi. Aliliangalia muda mrefu. "Mwandiko unafaa," alisema, na nilienda kazini nikiwa na ujasiri ambao chuo hakikunipa.

Sasa nieleze habari ya kanda.

Shuleni kwetu alikuwapo mwalimu wa hisabati kutoka Japani, mwanamke mpole aliyekuja kujitolea miaka miwili. Siku za kuondoka aligawa vitu vyake. Baiskeli akampa mlinzi, sufuria akaziacha kwenye jiko la shule, na mimi, kwa sababu niliwahi kumwambia napenda hadithi za upelelezi, akanipa sanduku lenye kanda tisa za video.

"Ni katuni," alisema, "lakini usiwaonyeshe watoto wadogo. Inahuzunisha mno."

Nilidhani anatania. Katuni ninazozijua mimi ni paka anamkimbiza panya.

Wakati huo dada yangu alikuwa na banda la video. Mumewe alikuwa Mererani akichimba madini ambayo hatukuwahi kuyaona. Baba alituachia ghala la kahawa, na bei ya kahawa ikalifanya ghala liwe tupu. Dada akaingiza mabenchi, televisheni na deki, akabandika karatasi mlangoni, na watoto wake wanne wakawa wanakula na kusoma kutokana na banda lile. Wiki hiyo filamu zake za ngumi zilikuwa zimeshajulikana zote, mpaka watazamaji walikuwa wanawatangulia waigizaji kupiga kelele. Akaniomba zile kanda.

Deki yake haikuelewana na kanda za Kijapani. Picha ilitoka bila rangi, nyeusi na kijivu kama mlima siku ya mawingu. Maneno yalikuwa ya Kijapani, na chini kulikuwa na maandishi ya Kiingereza. Kwa hiyo nilikaa kwenye kigoda kando ya televisheni nikayasoma kwa Kiswahili, kwa sauti, huku nikijitahidi kumpa kila mtu sauti yake.

Hadithi yenyewe ilihusu kijiji cha wakulima wa chai chini ya mlima. Karani wa kiwanda cha chai anakutwa amekufa katika chumba cha kukaushia majani, mlango umefungwa kwa komeo kutoka ndani. Binti mmoja wa shule, aliyetoka mjini kuja kuishi na bibi yake, anaanza kuuliza maswali. Na kila sehemu inapokaribia kwisha, mtu mmoja wa kijiji anakiri kwamba ndiye aliyemuua. Anakiri vizuri, kwa machozi, akiinama mpaka paji la uso liguse sakafu. Sehemu inayofuata binti anagundua kwamba haiwezekani awe yeye. Kisha anakiri mwingine.

Watu walichanganyikiwa kwa utamu. Akina mama waliokuwa na kahawa kidogo juani waliisahau ikanyeshewa. Shuleni kioo cha maabara kilivunjika, mwalimu wa nidhamu akauliza nani amevunja, na akapata wakosaji saba. Wote walilia, wote waliinama mpaka chini. Mmoja wao siku ya tukio alikuwa amelazwa hospitali. Mwalimu wa nidhamu alikaa na fimbo yake mkononi bila kujua aanzie wapi.

Aliyelalamika rasmi alikuwa Mwenyekiti wa walei parokiani, mtu mnene mwenye sauti nzuri ya kusomea matangazo. Alisema katuni ile inaharibu vijana. Dada alisikia kwa wengine kwamba mke wa Mwenyekiti alikuwa ameanza kumuuliza mumewe maswali kwa mtindo wa yule binti: umetoka wapi, ulikuwa na nani, mbona viatu vina matope mekundu na njia ya kanisani ni ya mawe. Mwenyekiti akataka banda lifungwe. Padri, ambaye alipenda amani kuliko jambo lolote, akasema jambo lipelekwe kwa Mzee wa Baraza. Aitazame yeye mwenyewe. Akisema inafaa, iendelee. Akisema haifai, Dada afunge banda. Dada akatia saini kwenye karatasi.

"Kwa nini umekubali?" nilimuuliza.

"Ningekataa wangesema naficha kitu," alijibu. "Wewe soma vizuri tu. Msomee vizuri yule mzee."

Mzee alikuja Jumamosi saa nane mchana, na daftari la shule na kalamu ya kijani. Aliandamana na katekista, aliyekuja kushuhudia kwa niaba ya kanisa na ambaye muda mwingi alijifunika uso kwa kofia. Dada alimwekea Mzee kiti mbele. Banda lilijaa, kwa sababu habari ilikuwa imeenea kwamba siku hiyo kuna mambo mawili ya kutazama.

Maiti ya karani ilipoonekana, Mzee aliinua mkono. Dada akasimamisha kanda.

"Hicho kilicho sakafuni ni nini?"

"Damu, Mzee," nilisema.

"Umejuaje? Ni ya kijivu."

"Picha haina rangi."

"Basi haijathibitishwa," alisema, akaandika.

Hakuamini macho ya wale watu. "Mashahidi wenye macho makubwa hivi," alinong'ona, "wameshindwaje kuona?" Yule binti mpelelezi alimkera kwa kuanza kuuliza maswali kabla ya kujuliana hali, lakini alipomwona anamwinamia bibi yake, alilainika, akaandika hilo pia. Aliyekiri wa kwanza, fundi wa mashine, alipopiga paji la uso chini, Mzee alisimama kabisa.

"Anakiri!" alisema akitugeukia sote. "Mmeona? Amekiri mwenyewe! Mimi nimekaa pale barazani miaka yote ile, sijawahi kusikia mtu akikiri. Mtu ameshikwa na kuku kwapani, anasema kuku amemfuata."

Kanda ya kwanza ilipoisha, tulingoja. Dada alikuwa amesimama mlangoni, mikono ndani ya kanga. Mzee alifunga daftari.

"Ushahidi hautoshi," alisema. "Shauri limeahirishwa hadi Jumamosi."

Aliliahirisha mara nane. Kijiji kizima kilielewa kilichokuwa kinatokea isipokuwa yeye. Mwenyekiti alipomkumbusha kwamba kanda moja ingetosha, Mzee alimwuliza kama angependa yeye mwenyewe ahukumiwe kwa kusikilizwa robo. Kufikia kanda ya nne katekista alikuwa ameivua kofia usoni, na ya tano alifika kabla ya Dada kufungua mlango. Kila Jumapili, Mzee akizungukia zile nyumba zake tatu za mbege, aliulizwa anamshuku nani. Alisema hawezi kuzungumzia shauri lililo mbele yake, kisha akalizungumzia mpaka chombo kikauke.

Kanda ya tisa haikuwa na mtu wa kukiri. Yule binti anakusanya kijiji chote ndani ya kiwanda na kuwaambia anachojua. Karani alijifungia mwenyewe siku ya ugomvi, akiwaogopa. Moto wa kukaushia chai ukawaka vibaya. Komeo likakwama kwa joto. Aligonga mlango. Aligonga muda mrefu. Hakuna aliyemuua, na wote walisikia. Ndiyo maana walikuwa wanakiri mmoja mmoja: kila mtu alitafuta kosa dogo kuliko lile alilolifanya kweli, na kuua kwa mkono wa mtu mmoja waliona ni afadhali kuliko kusikia wote na kutoenda.

Bibi wa yule binti anainama, na mimi nikasoma maneno yake: "Tulisikia. Kila mtu alidhani mwenzake ataenda."

"Rudia hapo," alisema Mzee.

Nikarudia.

Hakuandika. Aliuliza kama kuna kinachofuata, nikamwambia hakuna, ndiyo mwisho. Alibaki amekaa watu wakitoka. Alipoinuka, alisahau daftari kwenye kiti, Dada akamkimbilia nalo. Niliwaona barabarani, Dada anasema neno, Mzee anamtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka huyu ni nani.

Hukumu ilisomwa Jumapili, nje ya kanisa, baada ya misa ya pili. Mwenyekiti alimkaribisha kwa ile sauti yake nzuri. Mzee alianza vizuri. Alisema katuni imesikilizwa yote. Alisema haina matusi. Alisema damu haikuthibitishwa. Watu walicheka kidogo, kwa upendo. Alisema sehemu za katikati ni ndefu, na yule mpishi wa kiwanda angeweza kuondolewa bila hasara.

"Kwa hiyo, Mzee," alisema Mwenyekiti, "kwa kifupi. Inafaa au haifai?"

"Inafaa," alisema Mzee. "Lakini mimi sikufaa kuiamua."

Kisha akasema habari ya ng'ombe. Aliisema bila daftari. Miaka kumi nyuma, mdogo wake Mwenyekiti alifariki akaacha mjane. Mjane yule alikuwa na ng'ombe wa maziwa, na shemeji yake, yaani Mwenyekiti, akasema ng'ombe ni wa ukoo. Mjane alipompeleka ng'ombe kwa dada yake, akashtakiwa kwa wizi. Mahakamani alisema mumewe alimpa ng'ombe yule akiwa hai, lakini hakuwa na shahidi.

"Alikuwa na shahidi," alisema Mzee. "Mimi. Siku ng'ombe anatolewa nilikuwapo, nilikunywa mbege yake. Marehemu alimshika ng'ombe sikio akasema, huyu ni wa mke wangu. Mama yule alinitazama pale barazani akingoja niseme. Mimi nikakaa kimya, kwa sababu Mwenyekiti ni rafiki yangu, na nikidhani mwenzangu wa pili atamwachia. Mwenzangu alisema hana hatia. Hakimu akaniangalia mimi. Nikasema ana hatia."

Nilimtazama Mwenyekiti. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Alisogea, akamshika Mzee bega kwa upole mkubwa.

"Wapendwa," alisema, "mmejionea wenyewe. Tulianza na watoto saba wa shule wanakiri kosa la kioo kimoja. Leo imefika kwa mzee wetu, nguzo yetu. Kanda tisa! Kichwa gani kitastahimili?"

Watu wakashusha pumzi. Nilisikia wakishusha, kama mzigo unavyotuliwa. Mama mmoja nyuma yangu alisema, "Masikini." Katekista akasema tumwombee, tukamwombea. Mzee alijaribu kusema tena, "Sijachanganyikiwa, nilikuwapo," na jinsi alivyozidi kusisitiza ndivyo watu walivyozidi kumhurumia, kwa kuwa hata wale watoto saba walisisitiza. Siku hiyo hiyo ikaamuliwa kwamba hakuna haja ya hukumu nyingine. Kanda zikachukuliwa. Banda likaruhusiwa kubaki, mpira tu na mahubiri.

Na mimi, niliyeyasoma yale maneno kwa mdomo wangu mwenyewe mara mbili, nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake. Nilimwamini. Nilimtazama Dada, Dada alikuwa anatazama chini. Nilifikiri katekista atasema neno, kwa kuwa naye aliona kanda yote. Nadhani katekista alikuwa ananifikiria mimi.

Kanda zilihifadhiwa nyumbani kwa Mwenyekiti, kwa usalama wa jamii. Mwezi haukuisha akanunua deki mjini Moshi. Mkewe aliwaambia wenzake kwamba wamefika kanda ya sita na mume wake anamshuku bibi.

Tangu hapo makoti ya mtumba yalipita mbele ya nyumba ya Mzee bila kugeuka. Watu waliendelea kumwamkia, tena kwa sauti kubwa na ya polepole kama anayeamkiwa ni kiziwi. Ushuhuda pekee wa kweli alioutoa maishani ndio uliomwondolea kazi ya kutoa maoni.

Watu huniuliza mpaka leo, hasa vijana ambao siku hizi wanazo katuni za Kijapani kwenye sidii kibao, kama ile ya kwetu ilistahili kutazamwa. Nawaambia sehemu za katikati zinachosha, mpishi angeweza kuondolewa, na mwisho wake si mzuri kwa mtu mwenye majirani. Lakini waitazame.

Mara ya mwisho kumwona Mzee ilikuwa Mkuu, Rombo. Nilikuwa nimehamishiwa shule ya huko, mwaka wa tatu baada ya mambo yale. Ilikuwa siku ya gulio, kama saa nne asubuhi, nanunua nyanya. Nikasikia mgambo wa soko anagombana na mtu kwamba mifugo ni upande wa pili, na mtu anajibu kwamba huyu si wa kuuzwa. Nikageuka. Alikuwa amekonda, kola imekuwa kubwa shingoni. Alishika kamba ya mtamba mzuri mwekundu, na shingoni mwa mtamba alifunga jani la isale. Kwetu Uchaggani, mtu akikuletea jani lile akiomba msamaha, humkatalii. Haijawahi kusikika.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Alinitazama sana. "Wewe ndiye uliyesoma."

"Ndiye mimi."

"Yule mjane yuko pale," alisema, akaonyesha kwa kidevu. "Yule wa maharage. Nimefika tangu saa mbili."

Kutoka pale tulipokuwa mpaka kwa yule mama hazikuzidi hatua kumi. Nilimshika mkono tukaenda, mtamba nyuma.

Alikuwa mwanamke mfupi, amevaa koti la kiume, anapima maharage kwa kopo. Alimwona Mzee. Alimalizia kupima, akamfungia mteja wake, akajifuta mikono.

"Shikamoo, Mzee."

Mzee alimvuta mtamba akamleta mbele ya meza.

"Karibu," alisema mama. "Kilo ngapi?"

"Mama, mimi ni..."

"Nakujua. Ulikaa kulia kwa hakimu. Ulikuwa na kalamu ya kijani."

Mzee alisema aliyokuja kuyasema, kwa haraka, akitazama maharage. Alisema kwamba siku ile mahakamani aliujua ukweli na akaunyamazia. Alisema amemleta mtamba wa zizi lake mwenyewe, aliyezaliwa nyumbani, na jani.

"Hilo jani umelifunga ili nisiweze kukataa," alisema mama.

"Ndiyo mila yetu, mama."

"Lifungue."

Alilifungua. Vidole vilimsumbua, na sikumsaidia kwa kuwa mama alikuwa anatutazama. Lilipotoka hakujua aliweke wapi, akabaki nalo mkononi.

"Ng'ombe ninao wawili," alisema mama. "Nilikuja hapa na watoto watatu na sufuria. Habari kwamba mimi ni mwizi ilifika Mkuu kabla yangu, kuna mtu wa huko kwenu ameolewa hapa. Miaka kumi na mitatu. Wanangu wamekua wakiitwa wa mwizi. Sasa huyu mtamba atawaambia nini watu? Atasema?"

"Nilisema, mama. Nilisema mbele ya kanisa, Kilema. Hawakuniamini."

"Ni kweli," nilisema. "Nilikuwapo."

Akanigeukia. "Na wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

Alinitazama kidogo tu, kisha akarudi kwenye maharage yake, na hilo kidogo linanitosha mpaka leo.

Mama mmoja mwenye kikapu alikuja, wakasalimiana kama watu wanaojuana siku nyingi bila kupendana. Alinunua makopo mawili. Alipotaka kuondoka, mwenye maharage akamwambia, "Subiri kidogo. Huyu mzee ana neno. Mzee, mwambie."

Mzee alisimama wima. "Katika shauri la madai ya wizi wa mfugo, mshtakiwa alipofikishwa mbele ya..."

"Sema Kiswahili cha watu," alisema mama.

Mzee akamgeukia mwenye kikapu. "Huyu mama hakuiba," alisema. "Ng'ombe alikuwa wake. Nilikuwapo akipewa. Nikasema uongo, nikamwita mwizi."

Mwenye kikapu alikiweka chini. Alimtazama Mzee, akamtazama jirani yake wa soko, akamtazama Mzee tena. Hakumuuliza kama anaumwa. Hapo Mkuu hakuna aliyewahi kumwona Mzee akitazama katuni.

"Na mimi niliwakataza wanangu kucheza na wako," alisema kwa sauti ndogo.

"Najua," alisema mama. "Nilikuwa naona."

Akaja mteja wa pili, mwanamume wa baiskeli. "Mwambie na huyu." Akaambiwa. Akaja wa tatu. Kwa wa nne mama alitoa kigoda chini ya meza, akamsukumia Mzee kwa mguu, Mzee akanipa kamba, akakaa, akaendelea. Watu wengine walikuja bila kutaka maharage. Mtamba alikula kabichi moja na nusu ya jirani, ikabidi ninunue mimi. Mzee alisimulia mpaka sauti ikawa ya kukwaruza, na kila mara maneno yalipungua, mpaka mwishoni yakawa machache kabisa, na hakuna hata mmoja aliyemwambia arudie.

Jua lilipogeuka na soko likaanza kukunjwa, mama alikung'uta gunia lake. Alimwambia amrudishe mtamba nyumbani, njia ni ndefu. Mzee aliinuka, akashika kamba kwangu, akangoja. Nadhani alingoja neno lile ambalo kila aombaye huwa analingoja.

"Gulio jingine ni Jumamosi," alisema mama, akifunga gunia. "Uwahi. Asubuhi ndiyo kuna watu."